Kuku wa Matunda Ameharibikia Wapi? Mwongozo wa Kutatua Matatizo kwa Kufuata Dalili

Wanaopika kuku kwa nanasi, embe, chungwa, tufaha au plamu hulalamikia mambo yale yale, na karibu yote yana chanzo kimoja: tunda limechukuliwa kuwa pambo, ilhali ndani ya sufuria linafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Lina asidi inayobadilisha protini za nyama, lina sukari inayoungua mapema, lina maji yanayotoka linapokutana na chumvi na moto, na baadhi ya matunda yana vimeng'enya vinavyoanza kuimeng'enya nyama kabla haijafika mezani. Kwa hiyo, kabla ya kuyalaumu mapishi au jiko, swali la kwanza ni hili: tunda liliingia lini, na lilikaa na nyama kwa muda gani?

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayotokea mara nyingi. Kifaa kimoja kitatajwa tena na tena, nacho ni kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Anayepika kuku kwa ajili ya familia nzima, wakiwamo watoto na wazee, hana sababu ya kukisia jambo ambalo sindano hulijibu kwa sekunde chache.

Nyama imelainika kupita kiasi, haina nyuzi, inapakazika kama uji

Hili ndilo tatizo linaloumiza zaidi, kwa sababu mpishi hulikuta amekwisha kufanya kila kitu kwa uangalifu. Mimi mwenyewe niliwahi kulaza mapaja ya kuku kwenye juisi ya nanasi bichi (yaani ambalo halijapikwa), tangawizi na kitunguu saumu usiku kucha, nikiamini kwamba kadiri yatakavyokaa ndivyo yatakavyokolea. Asubuhi nilipolibonyeza paja moja, kidole kilizama, na nyama ya juu ikatoka pamoja nacho kama ugali mlaini uliopakwa kwenye mfupa. Nilimkaanga hivyo hivyo, na hakuna moto uliomrudishia ukakamavu wake.

Sababu ya kwanza ni vimeng'enya. Nanasi bichi lina bromelaini, papai lina papaini, kiwi lina aktinidini, na tini nazo zina kimeng'enya chao kiitwacho fisini. Vyote hukata protini vipande vipande. Kwenye nanasi, kiini kigumu cha katikati kina bromelaini nyingi kuliko nyama ya tunda, kwa hiyo anayesaga nanasi pamoja na kiini chake anaongeza nguvu ya kitu kile kile anachotaka kukizuia. Uchunguzi wa kwanza ni rahisi: kama tunda lilikuwa mojawapo ya hayo manne, lilikuwa bichi, na lilikaa na nyama kwa zaidi ya nusu saa hivi, sababu imepatikana. Nanasi la kopo halina tatizo hili, kwa kuwa limepitishwa kwenye moto kiwandani na kimeng'enya chake kimekwisha kuharibika.

Sababu ya pili ni asidi ya limau, ndimu, chungwa au pasheni. Asidi haimeng'enyi nyama kwa namna ile ile. Huibadilisha protini za juu, nyama ikapauka kama iliyopitiwa na moto, kisha baada ya saa nyingi ule upande wa nje ukawa kama chaki iliyolowana huku ndani kukibaki kawaida. Tofauti huonekana kwa kisu: kata kipande katikati, na kama uharibifu ni utando mwembamba wa nje tu, mkosaji ni asidi, kama nyuzi zimeachana na kuingia ndani, mkosaji ni kimeng'enya. Sababu ya tatu, na inatokea mara chache, ni nyama iliyogandishwa na kuyeyushwa zaidi ya mara moja.

Kwa kuku aliyekwisha kulainika hivyo, suluhisho la kweli ni kubadilisha mlo: mchambue, mchanganye na mchuzi mzito, mpike kama kijazo cha mkate au pai, na usijaribu kumchoma. Kwa mara nyingine, chemsha juisi ya nanasi au papai kwa dakika chache na uiache ipoe kabisa kabla ya kumlaza kuku, kwani moto huvizima vimeng'enya hivyo. Ukitaka kutumia tunda bichi kwa makusudi, ili kulainisha kuku mgumu, hesabu dakika na si saa: dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha nyama ifutwe na kupikwa mara moja. Kumfuta na kumrudisha kwenye jokofu akasubiri hakusaidii, kwa sababu kimeng'enya kilichokwisha kuingia huendelea na kazi, na hufanya kazi kwa kasi zaidi nyama inapoanza kupata joto polepole. Kwa limau na ndimu, saa 2 zinatosha.

Acha kabisa, usijaribu kuokoa, ikiwa ulaini huo unafuatana na harufu mbaya, utelezi unaonata vidoleni, au rangi ya kijanikijani. Hapo si tunda tena, nyama imeoza, na viungo haviwezi kuifanya salama.

Nje ameungua, ndani bado mbichi

Sukari ya matunda huanza kugeuka rangi katika joto dogo kuliko sukari ya kawaida: fruktosi huanza karibu nyuzi 110 za Selsiasi, ilhali sukari nyeupe hungoja hadi karibu nyuzi 160. Oveni ya nyuzi 200, au kikaango kilichopata moto sawasawa, imevipita vipimo vyote viwili. Kuku mwenye mfupa anahitaji nusu saa au zaidi kuiva, na sosi ya embe na asali haihitaji hata robo ya muda huo kuwa mkaa.

Sababu inayoongoza, basi, ni sosi tamu kupakwa tangu mwanzo. Angalia bati la oveni: kama majimaji yaliyomwagika pembeni yamekuwa meusi na kugandamana kama lami, huna haja ya kutafuta zaidi. Sababu ya pili ni vipande visivyolingana, kidari kinene kikiwa pamoja na vipapatio. Ya tatu ni kuku aliyetoka kwenye barafu moja kwa moja, na katikati yake bado pamegandana. Ya nne ni bati kuwekwa juu mno, karibu na waya wa moto wa oveni.

Kama kuku bado yumo jikoni, punguza moto hadi nyuzi 160 au 170, mfunike kwa karatasi ya foili bila kuibana, kisha mwendeleze hadi kipimajoto, kikiwa katikati ya sehemu nene na bila kugusa mfupa, kisome nyuzi 74. Sehemu zilizoungua zikwanguliwe au ngozi iondolewe. Usiimwagie sosi mpya juu ya ngozi nyeusi, kwa maana uchungu utapanda juu ya kila kitu. Siku nyingine, mpike kuku kwa chumvi na viungo vikavu tu kwanza, kisha mpake sosi ya tunda katika dakika 10 hadi 15 za mwisho, mara mbili au tatu, tabaka jembamba jembamba. Mapaja yenye mfupa katika oveni ya nyuzi 200 huchukua takriban dakika 35 hadi 45, kwa hiyo wakati wa kupaka si wa kubahatisha.

Onyo hapa ni la moto wenyewe. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kwa mfuniko au bati, na usimwage maji hata tone, kwa sababu maji hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka. Moto usipozimika mara moja, toa watu nje na uite zimamoto. Sosi ya sukari inayochemka nayo hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza; mkono uliopatwa uwekwe chini ya maji ya bomba ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila barafu wala dawa ya meno, na ikiwa malengelenge ni makubwa kuliko kiganja, au jeraha liko usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, mpeleke hospitali.

Ameiva lakini nyama karibu na mfupa ni ya pinki au nyekundu

Dalili hii huwatia watu hofu mezani, na mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Kuku wengi huchinjwa wakiwa wachanga, mifupa yao haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya na kuipaka nyama iliyo jirani, hasa kama kuku aligandishwa. Nyama ya namna hiyo yaweza kuwa imeiva kabisa. Kinyume chake pia ni kweli: nyama nyeupe na maji meupe yanayotoka si ushahidi kwamba ameiva, hasa kwenye kuku aliyelazwa kwenye ndimu, kwa kuwa asidi huipausha nyama mbichi ikafanana na iliyopikwa.

Kwa hiyo usisome rangi, soma sindano. Nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, iwe paja au kidari, ni salama. Ikiwa chini ya hapo, mrudishe, na kama huna kipimajoto, kata paja hadi kwenye mfupa: nyama iliyo mbichi huwa inang'aa, inateleza, na haitaki kuachana na mfupa. Usimpike nusu na kumwacha mezani ili ummalizie wageni wakifika. Kuku aliyepashwa joto tu bila kuiva ni mazingira mazuri ya bakteria.

Mchuzi umekatika, una chembechembe nyeupe

Hutokea pale maziwa, krimu, mtindi au tui la nazi linapokutana na tunda kali. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hujikusanya na kuganda asidi inapofika pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 4.6 hivi, na moto huharakisha jambo hilo. Sababu za kawaida, kwa mpangilio: maziwa kumiminwa yakiwa baridi katika mchuzi unaochemka kwa nguvu, maziwa yenye mafuta kidogo kutumika mahali pa krimu nzito, limau kuongezwa mwishoni "ili kuchangamsha ladha", na nanasi bichi, ambalo huleta asidi na kimeng'enya kwa pamoja, na mchuzi wake wa maziwa ukikaa hupata hata uchungu.

Ondoa sufuria motoni kwanza, kabla ya kufanya lolote. Kama chembe ni ndogo, toa kuku na matunda, saga mchuzi kwa blenda baada ya kuupunguza joto, na uuzidishie uzito kwa kijiko cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwenye maji baridi. Ukishakatika kweli hautarudi ulivyokuwa, ila utalainika vya kutosha kuliwa bila aibu. Tui lililokatika halina dhara lolote zaidi ya sura, na binafsi nalihudumia hivyo hivyo. Njia ya kinga ni kuchota vijiko vichache vya mchuzi wa moto na kuvikoroga ndani ya krimu ili ipate joto, kisha kuirudisha yote sufuriani jiko likiwa limezimwa, na kuacha tunda kali lihudumiwe pembeni au lipikwe kabla na kupungua ukali.

Mchuzi mwepesi kama maji

Tunda lilitoa maji, na mfuniko ukayazuia yasitoke. Hiyo ndiyo sababu mara nyingi, hasa kwa embe na nanasi lililogandishwa, ambalo chembe zake zimepasuliwa na barafu. Toa kuku, acha sufuria wazi, moto uwe mkubwa, na mchuzi utapungua na kukolea wenyewe bila kuongezwa chochote. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa maana chumvi nayo inazidi kukolea.

Sababu inayofuata ni wanga. Wanga wa mahindi hauzidishi uzito hadi mchuzi uchemke, kwa hiyo anayeutia na kuzima jiko mapema atadhani haukutosha na kuongeza mwingine, kisha kesho mchuzi uwe kama gundi. Lakini wanga huo huo ukichemshwa muda mrefu ndani ya mchuzi wenye ndimu au pasheni nyingi, asidi huukatakata na mchuzi hurudi kuwa mwepesi. Utie mwishoni, kijiko kimoja cha mezani kwa kikombe cha mililita 250, uchemke dakika moja au mbili, basi.

Uchungu unaobaki ulimini

Uchungu una sababu nyingi kuliko dalili nyingine yoyote, na huwezi kuutibu bila kujua umetoka wapi. Onja vitu kimoja kimoja: mchuzi peke yake, tunda peke yake, kipande cha nyama kutoka ndani.

Ikiwa mchuzi na tunda vyote ni vichungu, mtazame chungwa au limau. Ule utando mweupe ulio chini ya ganda, na mbegu zilizosagwa au kukatwa, ndiyo chanzo kikuu. Vipande vya limau vilivyopikwa na ganda lake kwa saa nzima hupendeza kwenye picha na huharibu sufuria. Viweke katika dakika 15 za mwisho au uvitoe kabla. Kuna pia machungwa ambayo juisi yake ni tamu inapokamuliwa na huwa chungu ikikaa au ikipashwa moto, kwa sababu kemikali chungu iitwayo limonini huundwa ndani yake baadaye. Juisi ya namna hiyo ikamuliwe na kutumika papo hapo, mwishoni mwa upishi. Balungi huja na uchungu wake tangu mtini, na kulipika hakuuondoi.

Ikiwa uchungu una harufu ya moshi, ni sukari au kitunguu saumu kilichoungua. Mimina mchuzi kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, na ule mweusi ubaki ulipo.

Ikiwa tunda ni zuri na nyama ndiyo chungu, hasa upande wa ndani wa kifua na karibu na maini, tafuta doa la kijani au manjano. Hiyo ni nyongo iliyopasuka wakati kuku akisafishwa. Nyongo haitoki kwa kuoshwa ikishaingia. Kata sehemu yenye doa na uitupe kabla ya kupika, na kama amekwisha kupikwa mzima katika mchuzi mmoja, toa nyama ambayo haikuguswa na uuache mchuzi huo.

Kwa uchungu mdogo, jaribu chumvi kabla ya sukari. Wengi hukimbilia asali, lakini chumvi kidogo huuficha uchungu kuliko utamu unavyoweza, na haikiachi chakula kikiwa kama jamu.

Hapa pana onyo ambalo halihusu ladha. Balungi na juisi yake huzuia utumbo kuvunja baadhi ya dawa, zikiwamo baadhi za kupunguza lehemu kama simvastatini na atovastatini, na baadhi za shinikizo la damu kama felodipini, hivyo dawa huwa nyingi kupita kiasi mwilini. Ikiwa mmoja wa wanafamilia hutumia dawa kila siku, muulize mfamasia kabla ya kulitia balungi katika chakula chake, au utumie chungwa tamu la kawaida badala yake.

Uchachu umezidi, au utamu umezidi

Mara nyingi ni uivaji wa tunda tu. Embe gumu na nanasi lisiloiva huwa chachu, na tunda lililopitiliza huwa tamu bila uhai. Lionje tunda kabla halijaingia, jambo dogo ambalo karibu kila mtu husahau. Uchachu hupunguzwa kwa mafuta kama siagi au krimu ya nazi, kwa kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kitamu, na sukari kidogo mwishoni; utamu hupunguzwa kwa ndimu, siki, pilipili au tangawizi. Matunda makavu, kama zabibu na aprikoti, hunywa mchuzi na kuendelea kutoa utamu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mchuzi unaoonekana sawa saa kumi jioni waweza kuwa mtamu mno saa mbili usiku.

Asali isitiwe katika chakula cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imepikwa, kwa sababu yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu) ambazo moto wa jikoni hauziui. Mtolee sehemu yake kabla ya kupaka.

Kidari kimekauka na kuwa kama kamba

Kidari na paja haviivi kwa wakati mmoja, na kuku mzima aliyekatwa vipande nane vikatiwa vyote pamoja lazima akose upande mmoja. Kidari kimefika kikifika nyuzi 74. Paja ni salama katika joto hilo hilo lakini huwa tamu zaidi likifika 80 hadi 85, ambapo kano zake zimeyeyuka na kuwa ute. Ikiwa lazima vipikwe pamoja, mapaja yatangulie kwa dakika 15. Sababu ya pili ni ndimu iliyokaa muda mrefu, ambayo huikamua nyama kabla haijafika motoni. Maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita 1, kwa saa moja hadi mbili ndani ya jokofu, hukisaidia kidari kushika unyevu wake, nami nayaona ni bora kuliko juisi yoyote. Kilichokwisha kukauka kikatwe vipande vyembamba kukatisha nyuzi, kimwagiwe mchuzi wa moto, kikae dakika tano.

Ngozi imelegea, haina ukavu

Tunda lilikaa juu ya ngozi, au bati lilijaa mno na kuku akachemka katika majimaji yake. Mfute kwa karatasi hadi akauke, weka matunda chini au pembeni, na umwache nafasi.

Matunda yamevurugika yakapotea

Yaliingia mapema. Nanasi na tufaha gumu huvumilia dakika 15 hadi 20. Embe lililoiva, pichi na chenza zinahitaji dakika 3 hadi 5 tu. Ukitaka ladha iingie mchuzini na vipande vionekane pia, gawa tunda mara mbili: nusu ya kwanza isagwe na kupikwa, nusu ya pili itiwe mwishoni.

Ladha ya chuma na rangi ya kijivu

Sufuria ya alumini isiyopakwa, au ya chuma cha kusubu ambayo utando wake wa mafuta umetoka, huachia madini inapopikiwa vitu vyenye asidi. Hamishia chakula kwenye chombo cha chuma cha pua, cha udongo uliochomwa na kupakwa, au cha enameli. Foili nayo isiguse moja kwa moja nyama iliyopakwa ndimu, na nanasi lililobaki kwenye kopo lihamishiwe bakuli lenye mfuniko.

Mdomo unawasha baada ya kula

Nanasi bichi au lililopikwa kidogo tu huwasha ulimi wa mtu yeyote, kwa sababu ya bromelaini ile ile pamoja na fuwele ndogo kama sindano zilizomo ndani ya tunda. Hupita baada ya muda mfupi, na lililopikwa vizuri huwasha kidogo sana. Ganda la embe nalo lina utomvu unaoweza kumtoa mtu vipele kuzunguka midomo. Limenywe vizuri, na kisu kioshwe kabla ya kukata nyama ya tunda. Matunda makavu yaliyohifadhiwa kwa salfaiti, mara nyingi aprikoti za rangi ya machungwa angavu, yaweza kumletea mwenye pumu kubanwa kifua.

Usisubiri kuona kama itapita ikiwa midomo, ulimi au koo vinavimba, sauti inabadilika, au mtu anapumua kwa shida. Hiyo ni dharura ya mzio, na apelekwe hospitali wakati huo huo.

Tatizo linarudi kila mara hata ukirekebisha kila kitu

Hapo mshuku jiko. Weka kipimajoto cha oveni katikati, iwashe nyuzi 180, na uisome baada ya nusu saa, kisha mara mbili tatu zaidi. Ikikosea kwa nyuzi 10 au 15, ongeza au punguza wewe mwenyewe unapoiwasha. Ikikosea kwa 30, au ikiruka juu na chini bila utaratibu, ni kazi ya fundi. Mwali wa gesi wenye rangi ya manjano na unaoacha masizi kwenye sufuria nao ni wa kuitiwa fundi. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa wala kuwasha kiberiti, toka nje na familia yako, na upige simu ukiwa huko nje.

Kiporo cha kesho yake

Kuku aingie kwenye jokofu ndani ya saa 2 baada ya kuondoka motoni, katika vyombo vya kina kifupi ili apoe haraka, na jokofu liwe nyuzi 4 au chini yake. Aliwe ndani ya siku 3 au 4, na akipashwa afike tena nyuzi 74, si uvuguvugu. Ikiwa ulipamba sahani kwa nanasi au kiwi bichi, liondoe kabla ya kuhifadhi, la sivyo asubuhi utakuta nyama imelainika upande lilipolalia. Majimaji uliyomlazia kuku mbichi yasigeuzwe kuwa sosi ya kiporo bila kuchemshwa yakatokota kwanza, wala kuku mbichi asioshwe kwenye sinki, kwa kuwa maji yanayoruka husambaza bakteria wa salmonela na kampilobakta hadi kwenye matunda yatakayoliwa mabichi. Ubao wa matunda uwe mwingine, au utangulie kukata matunda kabla ya nyama.

Akiugua mtu baada ya chakula, maji na chumvi maalumu za kuongezea maji mwilini hutosha kwa wengi. Lakini nenda kwa daktari bila kungoja ikiwa kuna damu katika kinyesi, homa inayopita nyuzi 38.9, kuharisha kwa zaidi ya siku 3, kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai tumboni, au mkojo kupungua sana. Na kwa mjamzito, mtoto mchanga au mzee, nenda mapema zaidi ya hapo, ukimweleza daktari kilicholiwa na saa kilipoliwa.